Njaa Niliyoiandika Kwenye Pakiti

Mikumi,
9 Februari 2025

Dada Sesilia,

Nimekukosea. Nimeona nianze na hilo, maana nikitanguliza salamu utadhani nakuja kwa ujanja, na ujanja ndio umetufikisha hapa. Niliweka sura yako na habari za marehemu mtoto wako kwenye pakiti za unga bila kukuuliza. Nimekukosea wewe na nimemkosea Tabea.

Shikamoo dada. Sisi huku tunaendelea vizuri. Mke wangu Upendo kifua kimepungua, sasa analala. Watoto wamerudi shule. Wiki iliyopita nilimpelekea mama dawa za mguu kule Vidunda, nikamkuta amekaa kitandani anapukuchua maharage, ukimwambia apumzike anakuuliza wewe utakula nini. Mvua zimeanza lakini si za kutisha.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu simu hupokei. Nimepiga tangu katikati ya Januari. Ujumbe nao najua unaufuta. Barua nampa Yared, yule mwenye Noah ya abiria ya Kilosa, akukabidhi mkononi.

Dada, unajua tulivyoanza. Wewe unasaga unga wa lishe huko Kilosa, unanitumia viroba, mimi nafunga na kutafuta soko huku barabarani. Miaka mitatu tuliuza kwenye vifuko vyeupe visivyo na jina, duka linachukua vifuko kumi, mwezi mzima havijaisha. Mwaka jana mwezi wa sita akaja Goodluck, mtaalamu wa masoko kutoka Dar es Salaam, kutufundisha semina ya wajasiriamali hapa Mikumi. Baada ya semina akanifuata. Akaniambia, "Kaka, unga wanauza watu mia. Stori yako ni ipi?" Nikamwambia sina stori, nina dada anayejua kusaga. Akauliza dada ana watoto wangapi. Nikasema alikuwa naye mmoja, wa kike, alifariki mdogo, lakini mpaka leo mtaani wanamwita Mama Tabea. Goodluck akaweka soda chini. Akasema hiyo ndiyo chapa, hatuhitaji kutafuta nyingine.

Picha ni ile niliyokupiga kwenye kipaimara cha mwanangu. Nilikwambia naitaka ya ukumbusho. Maneno kuna mengine yaliongezwa, sitayarudia hapa.

Naomba unisamehe dada. Na ukipata nafasi utume viroba hata vitano, maduka yananiuliza.

Mdogo wako,
Filipo


Kilosa,
2 Machi 2025

Filipo,

Huku tupo. Siwema anakusalimia, bado tunasaga naye. Mto haujatoka kwenye kingo zake mwaka huu. Nyumba ya jirani imeezuliwa bati mbili na upepo, kwangu hakuna kitu. Shikamoo yako nimeisoma. Sijaiitikia, na kwenye barua hii sitaiitikia.

Unasema maneno mengine yaliongezwa na hutayarudia. Basi nayarudia mimi, pakiti ninayo hapa mezani. "Mama Tabea alimpoteza mtoto wake wa pekee kwa utapiamlo. Hakuwa na chakula cha kumpa. Siku hiyo aliapa kwamba hakuna mama mwingine atakayelia kama yeye. Kila kijiko ni machozi yake."

Kila kijiko ni machozi yangu. Wewe na mimi tumeishia darasa la saba, tumefundishwa kusoma na mwalimu mmoja. Umekaa kwenye kiti ukasoma maneno hayo, ukasema sawa, chapeni.

Sasa nikueleze nilivyoipata hiyo pakiti, maana hujauliza. Unajua ninavyouza. Kila Jumanne ya kliniki napeleka jiko langu, napika uji wa unga uleule nilioubeba kuuza, nakunywa kikombe cha kwanza mwenyewe mbele ya akina mama, ndipo nawamiminia. Mama asiyeonja simuuzii. Miaka tisa nimeuza hivyo. Sina bango, sina nembo. Mtu akitaka kunijua anakuja kuniona ninakunywa.

Jumanne ya tarehe 14 Januari alikuja mama mmoja wa Rudewa, binti mdogo tu, ana mtoto wa miezi saba. Alikuwa ametoka Mikumi kwa dada yake, na huko akanunua pakiti. Akaitoa kwenye mkoba akafurahi kunionyesha, anadhani ananipa heshima, mama wa kwenye pakiti ndiye huyu hapa. Akaisoma kwa sauti, benchi zima likisikia. Mimi nimeshika kikombe changu cha kwanza. Alipofika kwenye utapiamlo akapunguza sauti, lakini alishaingia, akamaliza. Akaniangalia. Hakuniangalia kwa ubaya, na ndicho kilichoniuma. Akasema, "Kumbe wa kwako alikufa njaa, na sisi unatufundisha kulisha?"

Hakuna aliyekunywa, Filipo. Nesi Magreth alijaribu kubadilisha maneno, akaanza kuita majina ya kupima uzito. Niliibeba sufuria nikaenda kuimwaga nyuma ya choo. Tangu siku hiyo nikifika wanapunguza sauti. Wanaonunua ni wale wanaonihurumia, na mimi unga wa huruma siuzi.

Hayo ni ya hapa. Lupakisyo naye ameiona, huko kwao Tukuyu, dereva wa lori kampelekea. Mume aliyeniacha miaka kumi na minne iliyopita, hajawahi kunipigia hata siku ya Krismasi, amenipigia kunisomea pakiti. Unakumbuka ndugu zake walivyosema msibani, kwamba mimi nilikuwa nakimbizana na biashara ya vitumbua na mtoto simlishi. Miaka yote hiyo nimewakatalia. Sasa wana karatasi, imeandikwa na ndugu yangu wa tumbo moja.

Mwanangu alikuwa na mwili. Ukimbeba mgongoni unasikia uzito wake. Wewe ulimbeba.

Nataka kitu kimoja unijibu. Nani alikwambia alikufa kwa njaa?

Viroba sitatuma.

Sesilia


Mikumi,
14 Machi 2025

Dada Sesilia,

Shikamoo. Barua nimeipata, nimeisoma mara mbili nikiwa stoo. Huku wazima. Mwanangu wa pili ameng'oka jino, anaficha mdomo akicheka. Upendo anakupa pole kwa yaliyotokea kliniki, amelia. Juzi lori la mbolea limeanguka karibu na geti la hifadhi, barabara ilifungwa nusu siku.

Nakujibu ulichouliza. Hakuna aliyeniambia. Goodluck aliuliza mtoto alikufa kwa nini, nikasema aliugua, degedege. Akasema hiyo haitusaidii. Akanichorea kwenye daftari: huku kuna tatizo, huku kuna bidhaa, katikati mshale. Akasema malaria dawa yake iko hospitali, unga hautibu malaria, kwa hiyo mteja akisoma degedege haoni kwa nini anunue uji. Tatizo linatakiwa liwe lile ambalo bidhaa yako inalitibu. Akafuta degedege akaandika utapiamlo. Mimi nilinyamaza, akachukua kunyamaza kwangu kuwa ndiyo. Akapeleka Dar kuchapisha.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nimekosa, sibishi.

Lakini na mimi niseme kidogo, maana barua yako imenichoma. Ile mashine ya kusagia iliyoko kwako ilitoka wapi, dada? Siwema amepata kazi ya kila siku kwa sababu ya nini? Tulikuwa tunauza vifuko kumi, tukafika katoni arobaini kwa mwezi, kutoka Ruaha mpaka Morogoro mjini. Ulipoona viroba vinaongezeka hukuniuliza vinakwenda wapi. Hukuniuliza hata siku moja umeweka nini kwenye pakiti. Mimi nimehangaika kwenye jua kugonga kila duka, wananiambia weka hapo chini tutaangalia, vifuko vinaliwa na panya. Ilipotokea sura yako wakaanza kunipigia wao. Ukweli ndio huo. Sura yako imeuza kuliko unga wako.

Nimeongea na Goodluck abadilishe maneno. Anasema pakiti elfu sita zimeshachapishwa na chapa ikikosekana rafuni wiki tatu mteja anahama. Kwa hiyo nakuomba uvumilie hizi ziishe, zinazofuata zitakuwa na maneno mazuri. Tunaweza hata kuweka kwamba alikufa kwa ugonjwa tu, bila kusema upi.

Usiwe na hasira hivyo dada. Sisi tumebaki wawili.

Filipo


Kilosa,
11 Aprili 2025

Filipo,

Mama yuko hapa kwangu tangu Jumatatu, nimemleta kuangaliwa mguu. Kapewa dawa za kuchua na fimbo, fimbo kaitupa chini ya kitanda. Anakula. Hizo ndizo habari za nyumbani.

Jana Yared alipomletea mama mizigo yake iliyobaki, kwenye gari kulikuwa na katoni yako inakwenda dukani. Mama akaniona kwenye katoni. Akaniuliza kwa Kividunda kwa nini nimepigwa picha nikiwa kwenye boksi. Nikamwambia ni tangazo. Akauliza limeandikwa nini. Nikamwambia limeandikwa unga. Mama yetu hajui kusoma, na jana nilishukuru kwa hilo, kitu ambacho sijawahi kukishukuru.

Nikafungua pakiti moja. Imepigwa muhuri tarehe 28 Machi. Mimi tangu Januari sijakutumia hata kisoda cha unga. Kwa hiyo uliponiandikia nisamehe, nisamehe, tumebaki wawili, huko stoo ulikuwa unajaza unga wa mtu mwingine nyuma ya sura yangu.

Nimeupika. Nimeonja. Soya haijakaangwa, Filipo. Imesagwa mbichi. Karanga zake zina uchungu wa kukaa. Mtoto wa miezi saba akinywa uji huo tumbo litamkata usiku kucha, na mama yake akitafuta wa kumlaani ataangalia pakiti, ataniona mimi natabasamu kwenye kipaimara. Unasema sura yangu imeuza kuliko unga wangu. Nimekuelewa. Ndiyo maana unga ukawa hauna kazi tena.

Mashine uliyoniambia nikumbuke ilikotoka, Yared anaipakia kesho, ataishusha mlangoni kwako. Mimi na Siwema tutapanga foleni kwenye mashine ya mtaani kama zamani. Kama nilikosea kutokuuliza, hilo nalichukua, ni langu. Usilitumie kufunika la kwako.

Na usiniletee Goodluck tena. Goodluck kafuta neno moja kwenye daftari. Hakuwepo Kilosa mwaka 2011. Wewe ulikuwepo. Ulikuwa unakaa kwangu Mbumi, unakula sufuria moja na mtoto wangu, anakuita Joba kwa sababu mjomba lilimshinda. Andika alivyokufa. Andika kwa mkono wako, tangu asubuhi ya siku ile, usiruke. Ukishindwa, basi tusiandikiane.

Sesilia


Mikumi,
25 Mei 2025

Dada Sesilia,

Shikamoo. Zimepita wiki sita. Barua hii nimeianza mara nne, mara tatu nimeichana, mara moja Upendo aliiona nikamwambia ni orodha ya maduka. Nimesikia mama amerudi Vidunda na fimbo ameiacha kwako. Sisi wazima wa mwili.

Mashine imefika. Iko uani nimeifunika turubai. Tarehe 30 Aprili nilifunga stoo. Unga uliokuwemo nimeuchimbia shimo nikaufukia, hata kuku sikuwapa. Nilimpigia Goodluck nikamwambia basi, sitaki tena. Unajua alinijibu nini? Alisema hasira ya dada nayo ni stori nzuri, ndugu waliogombana wakapatana kwa ajili ya watoto wa Tanzania, tuipange vizuri tuitoe mwezi wa tisa. Nilikata simu. Nilikuwa na hasira ya kumfuata Dar es Salaam. Halafu nikakaa pale kwenye ngazi za stoo nikaona hasira yote hiyo ninamtupia mtu niliyemfungulia mlango mwenyewe.

Sasa naandika ulichotaka.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 19 Machi 2011. Shemeji Lupakisyo alikuwa Tukuyu kwa mazishi ya baba yake mdogo. Asubuhi Tabea alikunywa uji wa ulezi kwenye kikombe cha bluu, akamaliza, akaomba tena, ukamwongeza. Naliandika hilo la kwanza kwa sababu nililiona kwa macho yangu. Saa tano akawa na joto. Ukampa dawa, ukamwogesha. Saa saba mchana akaanza degedege, macho yamegeuka. Ukaniambia, "Filipo, kimbia ulete pikipiki." Nikakimbia. Hilo ni kweli, nilikimbia mpaka stendi.

Stendi kulikuwa na gari la promosheni la kampuni moja ya sabuni. Gari kubwa lina jukwaa, spika zinatikisa mabati. Waendesha pikipiki wote walikuwa wamelizunguka, pikipiki zao zimesimama hazina mtu. Nikaingia katikati kumtafuta hata mmoja ninayemfahamu. Mtangazaji akaniona. Akaninyooshea kidole, akasema kwenye kipaza sauti, "Kaka unayehema, wewe, njoo huku juu." Watu wakanisukuma. Nikapanda. Akaniuliza nitaje vitu vitatu vinavyofanywa na sabuni yao. Nilikuwa nimeshavisikia redioni, nikavitaja vyote, nikaongeza na cha nne. Watu wakanipigia makofi. Dada, sikuwahi kupigiwa makofi. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nakaa kwa dada, sina kazi, na stendi nzima inanipigia makofi.

Akasema nisubiri zawadi, wimbo ukiisha wataita washindi. Nikasubiri. Wimbo ukaisha ukaanza mwingine. Nilikuwa nakumbuka nimetumwa nini, nisidanganye kwamba nilisahau. Nilijiambia homa za watoto zinapanda na kushuka, dakika tano si kitu. Sikuwa na saa, lakini nilipoondoka pale walikuwa wanakunja jukwaa. Nikapewa fulana ya njano, nikaivaa juu ya shati palepale. Ndipo nikachukua pikipiki.

Nilikukuta kwenye reli. Ulikuwa umeshachoka kusubiri, unatembea pekupeku, umembeba. Ukaniuliza nilikuwa wapi. Nikasema pikipiki hazikuwepo stendi, nimezunguka mji mzima. Ukapanda. Daktari alimpokea hata kadi hakuuliza, lakini alituambia laiti tungewahi kidogo. Neno hilo, kidogo, ninalisikia mpaka leo nikiwa napima unga.

Hicho ndicho kilichotokea. Sikumwambia Upendo, sikumwambia padri, sikumwambia mama.

Sasa nikueleze na la pakiti, maana nimelielewa nikiandika hapa. Goodluck alipofuta degedege akaandika utapiamlo, nilikwambia nilinyamaza. Sikunyamaza tu. Nilifurahi. Nilisikia mzigo unatoka. Degedege ina mtu aliyetumwa pikipiki, njaa haina. Njaa ni ya serikali, ni ya mvua, ni ya mama asiye na chakula. Nilikusukumia wewe, ikachapishwa kwa rangi, nikaisambaza mwenyewe duka kwa duka. Na ile hamu yangu ya biashara, watu wasimame wanitazame, sikuitoa kwenye semina. Niliitoa juu ya lile gari.

Niambie nifanye nini unisamehe. Nitafanya.

Filipo


Kilosa,
8 Juni 2025

Filipo,

Huku wazima. Mpunga wa Siwema umetoka vizuri, wa kwangu ndege wamefaidi. Mama amempa Yared maharage debe moja akuletee, usipoyaona mwulize.

Ile fulana niliiona.

Ilikuwa bado ina mikunjo ya kutoka kwenye mfuko. Nilikuwa nimembeba mtoto, macho yake yako juu, na niliiona. Nilisikia na spika, kutoka Mbumi zinasikika. Ulipovua pale hospitali ukaikunja ukaiweka chini ya benchi, niliona pia. Haikurudi nyumbani. Sijui uliipeleka wapi na sitaki uniambie.

Miaka kumi na minne nilingoja useme mwenyewe. Kwa nini sikukuuliza? Kwa sababu wiki ile mtoto nimemzika, na mwezi uliofuata mume anafunga begi. Ningekuuliza ungejibu. Ukishajibu ningekufukuza. Nikikufukuza ningebaki na nani? Nikaamua kubaki na mdogo wangu mwongo kuliko kubaki peke yangu. Nilikupikia ugali kila jioni nikiwa najua. Halafu wewe, uliyeninyamazia na kunyamaziwa, ukachukua kifo kilekile ukakifanyia biashara, tena ukaniandika mimi ndiye niliyemwua. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Si kwenye picha. Picha ni picha.

Unaniuliza ufanye nini. Sikwambii. Mimi si mtaalamu wa masoko, sina mpango wa kukuuzia msamaha. Nikikupangia, utafanya nilichopanga, utatia tiki, utarudi kuniuliza kama tumemaliza. Hasira yangu sijui itaisha lini, na wewe usiihesabie siku.

Lakini jua jambo moja. Umeniambia mimi. Mimi nilikuwa najua. Benchi la kliniki halijui. Lupakisyo hajui, na ndugu zake hawajui. Jumanne iliyopita nimepika uji nikanywa kikombe changu, wamekunywa akina mama wanne. Zamani ilikuwa sufuria inarudi tupu. Yule binti wa Rudewa bado anakuja kupima mtoto, anakaa mwisho wa benchi, hanitazami. Anaona haya yeye, na hakufanya kitu.

Sesilia


Mikumi,
12 Juni 2025

Dada Sesilia,

Shikamoo. Maharage ya mama yamefika, tumeyapika jana. Watoto wanafunga shule kesho. Upendo nimemwambia yote, tulipokuwa tunachambua hayo maharage. Tulipomaliza kuchambua akasema nimwache kwanza. Nimemwacha.

Sikuombi tena msamaha kwenye barua hii. Nakwambia tu ninachofanya na lini.

Nimekodi Noah ya Yared siku tatu, nikapita kila duka kutoka Ruaha mpaka hapa Mikumi, na barabara ya kwenda kwako mpaka kijiji cha Ulaya. Kila pakiti niliyoikuta nimeitoa rafuni mwenyewe. Wenye maduka wengine wamenitukana, mmoja kaniambia nimechanganyikiwa, bidhaa inatoka na mimi naiondoa. Nimemjibu kwamba maneno yaliyoandikwa pale ni uongo na niliyeyaidhinisha ni mimi. Nimeona ukilisema hilo kwenye duka la kwanza, la pili ulimi hautetemeki sana. Zimebaki za Morogoro mjini, maduka sita. Hizo nazifuata Jumatatu ijayo tarehe 16. Zile pakiti tupu zilizobaki stoo nimezichoma, Goodluck nimemwandikia kwamba akichapisha hata moja yenye sura yako nitakwenda polisi na pakiti mkononi, na nitaanza kujishtaki mwenyewe.

Kwa Lupakisyo nimepeleka barua, kurasa tatu, kwa basi la Tukuyu. Nimemwandikia kama nilivyokuandikia wewe, uji wa asubuhi, gari la sabuni, fulana, uongo wa kwenye reli. Nimemwambia awasomee ndugu zake wote waliosema lile neno msibani. Akija kunipiga, aje, nyumba nimemwelekeza. Nakala yake nimeiambatanisha hapa uone sikupunguza.

La kliniki nilitaka nije Jumanne hii inayokuja, nikaona nitakuwa nimeyaacha ya Morogoro nusunusu. Nimempigia Nesi Magreth nikamweleza nataka kusema nini. Akasema anipe dakika kumi kabla hawajaanza kupima uzito, tarehe 24. Nimemwomba ahakikishe yule binti wa Rudewa yupo siku hiyo, maana yeye alisoma kwa sauti, na inatakiwa asikie kwa sauti.

Sitakuja na pakiti mpya. Sitakuja na bango wala kipaza sauti. Wewe usinitambulishe, usinikaribishe, na ukitaka siku hiyo usije kabisa, usije, nitasema hata kama hupo. Nikimaliza nitaondoka kwa Noah ileile, sitakaa kuona kama wananunua.

Jumanne tarehe 24 Juni, saa mbili asubuhi, nitasimama mbele ya benchi hilo, na kila mama aliyekaa pale ataondoka akijua kwamba Tabea alikuwa ameshiba, mama yake alimlisha mpaka akaongezewa, na aliyetumwa pikipiki akachelewa kwa sababu ya fulana ni mimi, mjomba wake, Filipo.

Filipo